Kabla ya Kumnunulia Kijana Kadi ya Grafiki



Juma hili safu yetu inaingia katika jambo ambalo kina mama wengi huliona kuwa la vijana na mafundi peke yao, ilhali mfuko unaofunguliwa ni wao na umeme unaotumika ni wa nyumba yao. Likizo za shule zinapokaribia, ombi hili huzidi kusikika majumbani: kompyuta ipo, mchezo upo, ila picha zinakwamakwama kwenye skrini, na kijana anasema dawa yake ni kadi ya grafiki. Mzazi huombwa fedha tu. Haambiwi, wala yeye haulizi, kama kadi hiyo itaingia ndani ya kasha la kompyuta iliyopo, wala kama kasha hilo lina umeme wa kuilisha.

Mama mmoja wa Kisauni ametuandikia kwa urefu. Mwanawe wa kidato cha tatu alinunuliwa kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex 7010, lile kasha jembamba, kwa ajili ya masomo. Sasa kijana jirani anauza kadi ya GeForce GTX 1660 Super iliyokwisha kutumika, na mtoto hasemi jingine usiku na mchana. Zamu ya mama huyo katika chama imefika, na fedha hizo alikuwa amezitengea cherehani. Anauliza: "Dada yangu, mwenye kadi anasema umeme wa kompyuta ukipungua kuna kiwaya cha kuunganishia, na kwamba kila mtu hufanya hivyo. Je, nitoe au nisitoe?"

Jawabu langu ni kwamba asitoe, na nimelitanguliza kwa kuwa mwenye kadi hangoji toleo letu lijalo. Sababu zake, hata hivyo, zinazihusu nyumba nyingi zaidi ya hiyo moja, kwa hivyo tuzitazame kwa utulivu.

Kila kompyuta ina sehemu ya kuchora picha zinazoonekana kwenye skrini. Katika kompyuta za ofisi sehemu hiyo aghalabu imo ndani ya prosesa, na huazima RAM ya kompyuta ili ifanye kazi yake. Kwa barua, mahesabu, masomo ya mtandaoni na video, hiyo yatosha kabisa. Mchezo wa kisasa ni habari nyingine. Skrini ya kawaida ya siku hizi ina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni mbili, na mchezo unaokwenda vizuri huvichora vyote upya mara 60 katika sekunde moja. Kadi ya grafiki ni mtumishi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo peke yake: ana ubongo wake, ana kumbukumbu yake, na ana feni ya kumpoza. Na kama mtumishi yeyote, lazima ale.

Hapo kwenye kula ndipo kompyuta ya dukani inapotofautiana na ile iliyoundwa na fundi kipande kwa kipande. Kompyuta tunazoziona zikiuzwa mjini Mombasa kwa majina ya Dell, HP na Lenovo, nyingi zikiwa zimetoka katika ofisi za ng'ambo, ni vyombo vizuri. Mimi binafsi huzipendelea kuliko nyingi mpya za bei ya chini, maana zilijengwa zidumu. Lakini kiwanda kilizipima kwa kazi ya ofisi. Umeme uliowekwa ndani ni ule unaokitosha kilichomo, na ziada kidogo. Nafasi iliyobaki ni ile isiyokuwa na budi kubaki. Hakuna aliyefikiri, pale zilipochorwa, kwamba siku moja zitaombwa kuchezea kandanda.

Chukua hiyo OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Nautaja mwaka kwa sababu Dell walilirudia jina hilo hilo mwaka 2023 kwa kompyuta tofauti kabisa, na wauzaji wengine hufurahi mnunuzi akizichanganya. Ndani yake kuna kisanduku cha bati ambacho waya wa ukutani huchomekwa, na ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Kwenye kasha jembamba, kisanduku hicho hutoa wati 240. Kwenye kasha kubwa la kusimama la jina hilo hilo, hutoa wati 275. Ndugu yake wa upande wa pili, HP Compaq Elite 8300, ana wati 240 katika umbo jembamba na 320 katika umbo kubwa. Idadi hizi haziko katika siri. Zimeandikwa kwenye kibandiko kilichogandishwa juu ya kisanduku chenyewe, na mama yeyote anayeweza kusoma kibandiko cha jokofu ataweza kukisoma hiki.

Sasa tupige hesabu kama ya sokoni. Prosesa ya i5-3470, iliyo ya kawaida katika kompyuta hizo, imepimwa kwa wati 77. Ubao mkuu, RAM, diski na feni tuzipe 50 kwa pamoja. Hizo ni 127, na kati ya 240 zimebaki 113. Kadi ya GTX 1660 Super peke yake imepimwa kwa wati 125, na NVIDIA, kampuni iliyoitengeneza, inapendekeza kompyuta yenye pawa saplai ya wati 450. Hesabu imekataa kabla hata ya kufungua skurubu moja. Tena nimehesabu kana kwamba pawa saplai iliyotumika miaka kumi na zaidi katika nchi nyingine bado ina nguvu zake zote za ujana, na kana kwamba ni jambo la busara kuiendesha hadi tone la mwisho katika joto la Mombasa. Yote mawili si kweli.

Mwenye kadi anajua kuwa hesabu inakataa, ndiyo maana ametaja kiwaya. Na kiwaya hicho ndicho kilichonifanya niandike makala haya badala ya kumjibu mama huyo kwa simu.

Kadi ya grafiki huchomekwa katika mwanya mrefu wa ubao mkuu, na mwanya huo kwa kanuni huipa kadi umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huletewa umeme wa ziada moja kwa moja kutoka pawa saplai, kwa waya wenye kichwa cha pini sita, ambacho kimekadiriwa wati 75, au cha pini nane, ambacho kimekadiriwa wati 150. GTX 1660 Super ina tundu la pini nane. OptiPlex nyembamba haina waya wa namna hiyo hata mmoja. Ndipo mtu huuziwa kiwaya ambacho upande mmoja kina kichwa cha pini nane cha kuingia kwenye kadi, na upande wa pili kina kichwa bapa cha kuchomekwa mahali pa waya wa diski, ule uitwao waya wa SATA.

Kichwa bapa cha SATA kiliumbwa kulisha diski. Upande wa volti 12 kina pini tatu nyembamba, kila moja ikiruhusiwa kupitisha ampea moja na nusu. Zidisha, utapata wati 54. Kadi kwa upande wake inaona tundu lake la pini nane limejaa, inaamini iko kwenye chanzo cha wati 150, na mchezo unapopamba moto inavuta kwa imani hiyo. Umeme mwingi ukipita katika pini nyembamba hugeuka joto. Plastiki ya kichwa hulainika, pini hulegea, na pini iliyolegea huzidi kupata moto. Si kila anayekitumia huona moshi siku ya kwanza, wala mwezi wa kwanza, na hilo ndilo linalowafanya vijana waseme kwamba kila mtu hufanya hivyo. Lakini vichwa vya namna hii vimeyeyuka na kuwaka moto mara nyingi za kutosha, hata mafundi waangalifu hawavikubali mezani pao. Waliosema rahisi huvunja upishi walikuwa wakifikiria chungu. Hapa kinachoweza kuharibika ni chumba ambamo kijana amefunga mlango, amevaa visikizio masikioni, saa tano za usiku, na wengine wote wamelala.

Kwa hivyo, mama mwenzangu, ukisahau mengine yote ya safu hii, likumbuke hili moja: kadi inayohitaji waya wa ziada isiingie katika kompyuta ambayo pawa saplai yake haina waya huo kwa asili.

Utaambiwa kwamba pawa saplai hubadilishwa. Ni kweli, mahali pengine. Katika kasha jembamba kisanduku cha umeme kina umbo lake maalumu, na kile cha kawaida cha madukani hakiingii. Katika kasha kubwa nafasi hupatikana, lakini angalia vichwa vya nyaya: kompyuta nyingi za kiwandani za kuanzia karibu mwaka 2013 zimeacha kichwa cha kawaida cha pini 24. OptiPlex 9020 hutumia cha pini nane kwenye ubao mkuu, na HP EliteDesk 800 G1 cha pini sita. Zipo adapta nzuri za kuunganisha hivyo, na fundi anayeijua kazi ataiweka vyema. Ila ongeza bei ya pawa saplai, adapta na ufundi juu ya bei ya kadi, kisha utazame tena kama bado unaliona jambo hilo kuwa la nafuu.

Umbo nalo lina hukumu yake. Bati la nyuma la kadi ya kawaida, lile linalofungwa kwa skurubu, lina urefu wa takriban sentimita 12. Kasha jembamba linataka kadi fupi, yenye bati la takriban sentimita 8. Kadi nyingi za michezo zina unene wa kukalia nafasi mbili, na katika baadhi ya makasha membamba mwanya mrefu umekaa karibu mno na ukuta wa pawa saplai, hivyo nafasi ya pili haipo. GTX 1660 Super ya kawaida haiingii ndani ya OptiPlex nyembamba hata kama umeme ungekuwa bure. Rula ya mtoto ya shuleni inatosha kuyajua haya, na kupima hakuna gharama. Na kama kompyuta yenu ni kale kadogo ka kiganjani kanakokaa nyuma ya skrini, au ni ile ambayo skrini na kompyuta ni kitu kimoja, au ni laptopu, basi mwanya wa kadi kwa kawaida haumo, na mazungumzo yanakwishia hapo.

Je, hakuna kadi yoyote ya kumfaa kijana wa kasha jembamba? Zipo chache, na wala si za aibu. Ni zile zilizotengenezwa zile kutoka kwenye mwanya peke yake, bila waya wa ziada. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 hutumia wati 75 na ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. GTX 1650 ya mwaka 2019 nayo ni ya wati 75 na gigabaiti 4, na ina nguvu zaidi. RTX 3050 yenye gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024, hutumia wati 70, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya hizi. Zote tatu zimewahi kutolewa kwa umbo fupi pia, lakini si kila kadi yenye jina hilo ni fupi au haina tundu la waya wa ziada, kwa hivyo tazama kadi yenyewe wala usitosheke na jina. Upande wa AMD kuna RX 6400, ya wati 53 tu na fupi, ambayo ingependeza sana kwa kompyuta ndogo, isipokuwa imeundwa kwa njia nne tu za kupitishia data badala ya kumi na sita, na kwenye kompyuta za zamani hupoteza sehemu ya nguvu zake. Kuhusu 1050 Ti niongeze kwamba mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kusitisha programu mpya za michezo kwa kadi za kizazi hicho na kubakisha marekebisho ya usalama pekee. Itaendelea kufanya kazi, lakini inunuliwe kwa bei ya kitu kilichozeeka.

Tahadhari moja hapa. Miongozo ya kiwanda ya baadhi ya kompyuta nyembamba huweka kikomo cha mwanya chini ya wati 75. Andika jina kamili la kompyuta yako na usome mwongozo wake kabla ya kutoa fedha.

Bado kuna prosesa. Wazazi hudhani, na vijana huwaacha wadhani, kwamba kadi ndiyo mchezo wote. Kadi huchora, prosesa ndiyo inayofikiri mpira umekwenda wapi na mchezaji gani anakimbia. Mchezo wa EA Sports FC 24, unaopendwa sana na vijana wetu, uliwekewa sharti la chini la kadi ya GTX 1050 Ti, RAM ya gigabaiti 8 na prosesa ya i5-6600K, iliyo ya kizazi cha sita. Prosesa ya OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ni ya kizazi cha tatu au hata cha pili. Mama wa Kisauni angeweza kutafuta kadi fupi iliyo halali kwa kila kipimo, akaifunga vyema, na mwanawe bado akanung'unika. Kwa upande mwingine, GTA V, ambao ni mchezo wa zamani kidogo, ulipendekezewa kadi ya GTX 660 yenye gigabaiti 2 tu, na hapo hata 1050 Ti inatosha na kusaza. Ila mchezo huo umepewa alama ya miaka 18 huko Ulaya, na umestahiki. Swali la kwanza kwa kijana, kwa hivyo, liwe hili: wataka kucheza mchezo gani? Akitaja jina, masharti ya mchezo huo yameandikwa pale unapouzwa, na mzazi na mtoto wayasome pamoja.

Rai yangu kwa mwenzetu ni aitazame kwanza RAM. Kompyuta nyingi za mtumba huuzwa zikiwa na kipande kimoja cha RAM, ilhali grafiki ya ndani ya prosesa hufanya kazi vizuri zaidi vikiwa viwili vinavyolingana, kwa sababu data hupita njia mbili badala ya moja. Haitaigeuza kuwa kompyuta ya michezo mikubwa, lakini michezo myepesi itatulia, na masomo pia yatakwenda kwa kasi. Cherehani inunuliwe. Na kama baadaye, inshallah, familia itaona michezo ni haja ya kweli, basi ile OptiPlex iuzwe na fedha zake ziongezwe kwenye kompyuta ya kasha kubwa yenye prosesa ya kizazi cha sita au zaidi. Kutia kadi ya thamani ndani ya kompyuta ya 2012 ni kuchonga mlango wa nakshi kwa kibanda cha makuti.

Kwa wale ambao kompyuta yao imefaulu vipimo vyote, kuna hatari ya sokoni. Kadi bandia zipo. Hutokea kadi ya zamani sana ikabadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la GTX 1050 Ti, na hata kompyuta yenyewe ikaamini. Programu ya bure iitwayo GPU-Z inazitambua nyingi, na huandika neno FAKE mbele ya jina. Mwambie muuzaji aichomeke kadi dukani, muifungue programu hiyo mbele yake, kisha mchezo uendeshwe kwa nusu saa hivi, muda wa kadi kupata joto. Anayekataa nusu saa amekwisha kukujibu. Kadi inayotumwa kutoka Nairobi kwa basi bila ya mtu kuiona ikifanya kazi, mimi singeilipia kabla haijafika na kujaribiwa. Na kama kompyuta ni mpya na ingali na waranti, uliza kwanza kwa maandishi kama kulifungua kasha kunaivunja.

Kazi ya kuifunga si ngumu, na binti wa nyumba aweza kuifanya sawa na kaka yake. Kabla ya yote, sasisha programu ya msingi ya kompyuta, ile BIOS, kutoka kwa kiwanda kilichoitengeneza, maana kompyuta za zamani wakati mwingine hukataa kuwaka na kadi mpya. Fanya hivyo saa ambayo umeme hauna mashaka, kwa kuwa ukikatika katikati ya kusasisha, ubao mkuu waweza kufa. Kisha zima, chomoa waya ukutani, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani umalizike. Gusa bati tupu la kasha kabla ya kugusa kadi. Isukume kadi mwanyani mpaka kile kibanio cha mwisho kilie, kisha kaza skurubu ya bati la nyuma.

Halafu waya wa skrini uhamishwe. Uchomolewe kwenye tundu la zamani la kompyuta na uchomekwe kwenye kadi yenyewe. Naambiwa na mafundi kuwa hili ndilo huwarudisha watu dukani kwa hasira kuliko jambo jingine lolote: kadi nzima, imefungwa vyema, nayo haifanyi kazi yoyote kwa sababu skrini ingali imeunganishwa mahali pa zamani.

Baada ya hapo ni joto na chumvi. Hewa yetu ya pwani ni yenye unyevu na chumvi ya bahari, na vumbi likichanganyika nayo hugandamana juu ya feni kama ukoko. Kasha lisisukumwe ukutani wala lisifunikwe kitambaa cha kufuma likiwa linafanya kazi, hata kama kitambaa hicho ni cha bibi na kimependeza. Kila baada ya miezi mitatu hivi lifunguliwe likiwa limechomolewa, feni zishikwe kwa kidole zisizunguke, na vumbi lipeperushwe kwa brashi laini na pampu ya upepo, nje barazani.